Chakula Kikavu kwa Watoto wa Paka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Katika visiwa vyetu paka kwa kawaida hanunuliwi, huja mwenyewe. Hupita uchochoroni, hulala barazani siku mbili tatu, kisha asubuhi moja wenye nyumba husikia sauti nyembamba nyuma ya kabati la vyombo na kugundua kwamba wamepata wageni wanne au watano. Zamani watoto hao walikuzwa kwa vichwa vya samaki na makombo ya wali. Siku hizi maduka ya mjini huuza chakula kikavu cha paka cha paketi, na wengi walioanza kukitumia hujikuta na maswali ambayo maelezo ya paketi, yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, hayayajibu. Maswali yafuatayo nimeulizwa na jamaa na majirani wa Unguja na Pemba, na atakayeyasoma yote ataona kwamba mengi yanarudi kwenye jambo moja, nalo ni maji.

Mtoto wa paka aanze kula chakula kikavu akiwa na umri gani?

Asianze kabla ya wiki ya nne, na hata hapo asipewe kikiwa kikavu. Meno ya utoto huanza kuchomoza kwenye wiki ya pili au ya tatu, na yote 26 huwa yametimia karibu na wiki ya sita. Kabla ya hapo kinywa chake hakina cha kuvunjia punje ngumu. Utaratibu unaofaa ni kumpa chakula kilicholainishwa kuanzia wiki ya nne, kupunguza maji kidogo kidogo kuanzia wiki ya sita, na kufikia punje kavu karibu na wiki ya nane, wakati ambapo watoto wengi huwa wameacha ziwa. Aliye na mama yake aachwe aendelee kunyonya katika muda huo wote, na mama naye apewe chakula kile kile cha watoto, kwa kuwa anayenyonyesha anahitaji nguvu nyingi kuliko paka mwingine yeyote mzima.

Wengi hawajui siku aliyozaliwa, kwa sababu walimkuta tu. Hapo msaada ni mizani. Mtoto wa paka mwenye afya huzaliwa akiwa na gramu 100 hivi na huongezeka gramu 70 hadi 100 kila wiki, kwa hiyo mwenye gramu 400 anakaribia wiki nne. Mtie kwenye kikapu, mpime kwa mizani ya jikoni au umwombe mwenye duka wa jirani akupimie, kisha uondoe uzito wa kikapu. Mwenye duka atacheka, lakini atapima.

Chakula hicho kinalainishwaje?

Chukua kipimo kimoja cha punje kwa vipimo viwili au vitatu vya maji ya uvuguvugu, uache kwa robo saa au dakika 20, kisha uponde kwa uma mpaka kiwe kama uji mzito. Kikombe kidogo cha kahawa kinatosha kuwa kipimo. Usitumie mchuzi wala maziwa ya ng'ombe badala ya maji. Tumia kisahani cha kikombe na si bakuli lenye kina, kwa sababu mtoto wa umri huo hajui kulamba kwa adabu, huingiza uso mzima.

Mlo wa kwanza huwa ni vurugu. Niliyemlea mwisho, dume la rangi ya majivu, alikanyaga katikati ya kisahani kwa miguu yote miwili ya mbele, akatia pua, akapiga chafya, akarudi nyuma amenuna, kisha akaanza kujisafisha vidole. Alilamba mara moja, akasita, akalamba tena, halafu akautazama mguu wake kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Chakula alikijua kwa kukitoa mguuni, si kwenye kisahani, na tangu siku hiyo humpaka kila mtoto mpya chembe kidogo kwenye ukucha wa mbele na kumwacha ajifunze mwenyewe. Usimshike kichwa ukamzamisha, kwani chakula kikiingia puani kinaweza kuteremka hadi kwenye mapafu.

Kilicholainishwa hakikai. Katika joto letu, hasa la kaskazi, kiondolewe baada ya saa moja, kisahani kioshwe, na mtoto afutwe mashavu na kidevu kwa kitambaa chenye maji, la sivyo sisimizi watamfuata hadi anapolala.

Kwa nini maji yanasisitizwa hivi, ilhali paka wa mtaani hunywa kidogo na huishi?

Ni kweli kwamba hunywa kidogo, na hapo ndipo penye tatizo. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa nchi kavu za Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati, na maumbile yake yamemzoesha kupata maji ndani ya windo lenyewe, maana mwili wa panya una maji karibu asilimia 70. Paka wa mtaani anayekula panya, mijusi na utumbo wa samaki hunywa maji bila ya kujua kwamba anakunywa. Punje za paketi zina maji asilimia 10 hivi tu, wakati chakula cha kopo kina asilimia 75 hadi 80. Mtoto wa kilo moja anayekula gramu 50 za punje hupata ndani yake gramu tano za maji; nguvu hiyo hiyo angeipata kwenye gramu 200 hivi za chakula cha kopo, na pamoja nayo angepata maji yasiyopungua gramu 150. Tofauti hiyo yote lazima itoke kwenye bakuli la maji, na kiu yake haimsukumi vya kutosha kulifuata.

Kwa hiyo mimi huendelea kuulowesha mlo mmoja kwa siku hadi mtoto afike miezi sita, hata kama meno yake yanaweza kuvunja punje tangu zamani. Ni kazi ya dakika chache. Anayeweza kununua kopo anaweza kulitumia kwa mlo huo huo mmoja.

Bakuli la maji liwekwe wapi, na maji ya kisima yanafaa?

Liwekwe mbali kidogo na chakula na mbali kabisa na pahala pake pa kujisaidia, liwe pana, na maji yabadilishwe asubuhi na jioni. Nyumba yenye watoto watatu au wanne iwe na mabakuli mawili. Kuhusu visima, baadhi ya vijiji vya mwambao vina maji ya chumvichumvi. Kanuni rahisi ni kwamba maji usiyoyanywa wewe usimpe mtoto wa paka.

Wako wanaouliza pia kuhusu paka anayekunywa kwenye ndoo ya udhu. Hadithi ya Abu Qatada, aliyeinamisha chombo ili paka anywe na akaeleza kwamba Mtume amesema paka si najisi, inajulikana kwa wengi. Ninaloliongeza mimi ni kwamba ndoo ifunikwe kwa sababu nyingine: mtoto wa wiki sita akiteleza ndani yake hawezi kutoka.

Apewe kiasi gani, na mara ngapi kwa siku?

Tumbo lake ni dogo na mwili wake unajengwa kwa kasi. Akiwa na wiki kumi anahitaji kalori zipatazo 200 hadi 250 kwa kila kilo ya uzito, ambazo ni zaidi ya maradufu ya mahitaji ya paka mzima kwa kilo. Punje nyingi zina kalori 350 hadi 400 katika gramu 100, kwa hiyo mtoto wa kilo moja hula gramu 50 hadi 70 kwa siku nzima. Zigawe milo minne mpaka atimize miezi minne, mitatu mpaka miezi sita, kisha miwili. Jedwali la paketi ni la kuanzia tu. Ukipapasa mbavu zake uzisikie chini ya ngozi bila ya kuziona kwa macho, kiasi kinatosha.

Naweza kuacha punje wazi siku nzima ajilie anapotaka?

Kwa maumbile yake ndivyo angependa, kwani paka akiachiwa hula vijimlo vidogo vidogo zaidi ya kumi kwa mchana na usiku, na watoto huongezeka uzito vizuri kwa njia hiyo. Kinachokataza kwetu ni mambo mawili: sisimizi na unyevu.

Sisimizi hawahitaji hata nusu saa. Weka sahani ya punje katikati ya sinia lenye maji ya kina cha kidole, ili chakula kiwe kisiwa na sisimizi wabaki ng'ambo. Watoto wa paka huruka maji hayo bila shida, na wengine hunywa humo humo, jambo ambalo halina ubaya iwapo sinia ni safi. Kawa haisaidii hapa. Inazuia nzi, lakini sisimizi hupenya katikati ya ukili, na mtoto wa paka naye huiangusha kwa pigo moja.

Unyevu ni adui wa polepole. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, punje iliyolala wazi usiku mmoja hupoteza mkatiko wake na kuwa kama biskuti iliyopigwa na hewa, na baada ya siku chache huota koga. Baadhi ya koga hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo huharibu ini, na mwili mdogo hauistahimili. Toa kiasi cha nusu siku tu, kinachobaki usikirudishe kwenye mfuko. Mfuko wenyewe ufungwe vizuri na utiwe ndani ya debe au ndoo yenye mfuniko wa kubana, juu ya kitu na si sakafuni, na umalizike ndani ya wiki nne hadi sita baada ya kufunguliwa. Mfuko mkubwa ni rahisi kwa kilo, lakini kwa mwenye mtoto mmoja nusu yake huishia jaani.

Duka la mtaani huuza chakula kwa kupima. Kina tatizo?

Kinaweza kuwa kizuri kabisa; tatizo ni kwamba huna njia ya kujua. Hakina tarehe, hakina jina la umri unaolengwa, na hujui mfuko umekaa wazi kwa muda gani. Niliwahi kununua nusu kilo kwa namna hiyo mahali ambapo sina haja ya kupataja. Watoto walinusa, wakaparura sakafu pembeni mwa sahani, wakaondoka, nami nikawalaumu kwa kudeka. Siku ya tatu walikula kwa njaa, na wawili wakaharisha. Ndipo nilipoivunja punje moja na kuinusa kwa karibu: ilitoa harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyokaa wiki nzima kwenye karai. Mafuta ya punje huharibika yakikutana na hewa na joto, na pua ya paka hulijua hilo mapema kuliko yetu. Ukilazimika kununua cha kupima, omba uone mfuko kilikotoka, soma tarehe, na uvunje punje moja uinuse kabla ya kulipa.

Kwenye paketi niangalie nini?

Kwanza neno la Kiingereza kitten, au maelezo kwamba chakula ni kamili kwa ukuaji. Pili protini: kiwango kinachotumiwa Marekani kwa paka wanaokua ni protini isiyopungua asilimia 30 na mafuta yasiyopungua asilimia 9, maji yakishaondolewa kwenye hesabu. Tatu orodha ya viambato, ambayo hupangwa kwa uzito. Ni vyema kuku au samaki awe wa mwanzo, na si mahindi.

Wengi huuliza kuhusu nyama ya nguruwe. Paketi nyingine huandika tu kwamba zina nyama na mazao ya wanyama, bila ya kumtaja mnyama. Mwenye shaka achague iliyotaja mnyama kwa jina. Hukumu yenyewe ni swali la masheikh, nami naandika habari za chakula.

Kwani dagaa na wali vina kasoro gani? Paka wetu wote walikulia hapo.

Wale tuliowaona wamekua ndio waliobaki, na hilo hatulihesabu. Paka ni mla nyama kwa lazima, si kwa kupenda. Hawezi kuutengeneza vitamini A kutoka kwenye mboga kama tufanyavyo sisi, na hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha, ambayo bila yake macho na moyo huharibika. Mwaka 1987 watafiti wa California walionesha kwamba ugonjwa wa moyo kutanuka uliokuwa ukiua paka wengi ulitokana na upungufu wa taurini, na viwanda vikaiongeza katika vyakula vyao. Wali haunayo kabisa. Samaki anayo, lakini akichemshwa sehemu yake huhamia kwenye supu, nasi supu hiyo aghalabu huimwaga au huitia kitunguu.

Kitunguu maji na kitunguu thomu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, vikiwa vibichi au vimepikwa, kwa hiyo makombo ya mchuzi, pilau na urojo si chakula chake. Baadhi ya samaki wabichi wa jamii ya dagaa wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, nacho hufa kwa kupikwa. Jodari na samaki wengine wa mafuta, akila hao tu kwa muda mrefu, humletea ugonjwa wa mafuta ya mwili unaoumiza sana, kwa sababu ya upungufu wa vitamini E. Dagaa wetu wa kukaushwa huchemshwa kwanza katika maji ya chumvi, hivyo waroweke na uyamwage maji yake kabla ya kumpa wawili watatu. Hao wawili watatu simnyimi. Mtoto wa paka wa kisiwani asiyejua ladha ya dagaa ningemwonea huruma, ilimradi wasizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula kwa siku.

Na maziwa?

Ya ng'ombe na ya mbuzi yote yana sukari ya maziwa, ambayo watoto wengi wa paka hushindwa kuisaga kadiri wanavyoacha ziwa, na matokeo yake ni kuharisha. Tui la nazi halina sukari hiyo, lakini ni mafuta matupu. Yatima wa chini ya wiki nne anahitaji maziwa maalumu ya unga ya watoto wa paka, na anyonyeshwe akiwa amelala kifudifudi, kamwe si chali.

Anakula mbio, kisha anatapika punje nzima nzima. Kwa nini hatafuni?

Taya la paka haliendi kushoto na kulia. Meno yake ni ya kukata, si ya kusaga, na punje ndogo huimeza bila hata kuikata. Kumeza si kosa, kasi ndiyo kosa, na kasi huletwa na ushindani. Watoto wanne kwenye sahani moja hula kama abiria wanaogombea daladala ya mwisho. Wape sahani mbalimbali zilizoachana hatua mbili au tatu, au utandaze punje kwenye sinia pana ili kila moja aitafute. Punje kavu zilizomezwa kwa wingi huvimba zikikutana na maji tumboni, na hiyo ni hoja nyingine ya kulowesha.

Yule anayenguruma akiwa na chakula mdomoni na kukimbilia nacho chini ya kitanda si mkorofi. Windo la kwanza la maisha yake ni punje, naye analilinda. Akipata sahani yake mwenyewe, nguruma hiyo hupungua baada ya wiki chache.

Anaparura sakafu pembeni mwa sahani. Ni dharau?

Mara nyingi ni silika ya kufukia chakula kilichobaki. Lakini akiparura kabla ya kula, na akafanya hivyo kwa chakula alichokuwa akikipenda, kinuse.

Amekataa punje kabisa, anataka samaki tu. Nifanyeje?

Ladha ya paka hujengwa katika miezi ya mwanzo, na aliyepewa kitu kimoja tu katika muda huo huviona vingine vyote si chakula. Changanya robo ya punje zilizoloweshwa na robo tatu za samaki aliyechemshwa bila chumvi na kutolewa miiba, uongeze punje kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi. Chakula kiwe vuguvugu, kwa kuwa paka huongozwa na harufu, na harufu huamshwa na joto. Usitie sukari kumshawishi. Utafiti uliotoka mwaka 2005 ulionesha kwamba jeni ya kutambua utamu wa sukari haifanyi kazi kwa paka.

Usishindane naye kwa njaa. Mtu mzima hususia chakula akarudi. Mtoto wa paka aliyekaa siku nzima bila kula, au nusu siku ikiwa yuko chini ya wiki sita, sukari ya damu yake hushuka na anaweza kufa.

Anakula sana, tumbo ni kubwa, lakini mgongo umekonda. Niongeze chakula?

Mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo apewe dawa ya minyoo. Minyoo ya tumbo hupita katika maziwa ya mama, kwa hiyo hata mtoto ambaye hajagusa ardhi anaweza kuwa nayo, na dawa huanza kutolewa mapema tangu wiki ya pili au ya tatu. Kuharisha kunakozidi siku moja, damu katika choo, ufizi mkavu au mweupe, au ngozi ya shingoni inayochelewa kurudi ukiibana, ni mambo ya kupelekwa siku hiyo hiyo.

Chakula cha mbwa, au cha paka wakubwa, kinafaa kwa muda?

Cha paka wakubwa kwa siku mbili tatu, ndiyo. Cha mbwa, hapana, kwa kuwa hakina taurini inayomtosha paka.

Mwezi wa Ramadhani ratiba ya nyumba hubadilika. Yeye je?

Yeye hafungi, na mlo wake wa mchana usisahaulike kwa sababu jiko limezimwa. Upande wa pili, paka huchangamka alfajiri na magharibi, kwa hiyo daku na futari humwangukia vizuri sana, na ndani ya wiki moja atakuwa wa kwanza kuamka daku na wa kwanza kukaa karibu na mkeka. Mtengee mlo mmoja saa hiyo, katika sahani yake na punje zake, kabla sahani za watu hazijafunuliwa.

Chakula cha watoto kiendelee mpaka lini?

Mpaka mwaka mmoja. Akifungwa uzazi, mahitaji yake ya nguvu hupungua, na kiasi kipunguzwe hata kabla ya mwaka kutimia ukiona kiuno kinapotea. Ila kabla ya kupunguza, waulize majirani. Yule dume wa rangi ya majivu alipofika miezi tisa alianza kunenepa kwa gramu zile zile, nami nikapima, nikapunguza, nikapima tena, mpaka jirani wa mkono wa kulia akaniuliza iwapo ninamjua paka mmoja wa kijivu anayekuja kwake kila jioni kula, na wa mkono wa kushoto akasema kwake huja asubuhi.